Ural-4320: namna ya kuliendesha na kulitunza, ukianza na upepo

Lori la kijeshi la Ural-4320, lililoanza kuundwa mjini Miass nchini Urusi mwaka 1977, lina ekseli tatu na zote zinavuta. Upepo wake hufanya kazi mbili: husukuma breki, na hujaza au kupunguza matairi gari likiwa linatembea. Dereva aliyezoea malori ya kawaida hupima oili na maji, akawasha na kuondoka, akiuacha upepo mpaka umtie shida porini. Ndiyo maana kila ninayemfundisha namtaka aanze na upepo na amalize na upepo.

Hatua ya kwanza ni kulizunguka gari kabla ya kuwasha. Pima oili, maji ya rejeta na mafuta ya breki, kagua nati za magurudumu, kisha uchungulie chini kama kuna oili iliyodondoka usiku. Kila gurudumu lina koki yake ndogo, ambayo hufungwa gari linapolala ili tairi lisipungue. Fungua zote sita, kwa kuwa ukisahau hata moja, geji ya matairi iliyo ndani ya kibini haitakuonyesha hali ya tairi hilo, nawe utadhani yote yako sawa.

Hatua ya pili ni kuwasha na kungoja. Magari mengi yaliyoundwa baada ya kiwanda cha injini cha KamAZ, kilichokuwa kikiyapa injini, kuungua mwezi Aprili 1993 yana injini za YaMZ, yaani za kiwanda cha Yaroslavl, na ile ya YaMZ-238 yenye silinda nane hutoa nguvu za farasi 240. Iache ingurume taratibu mpaka maji yafike digrii 40 ndipo uipe kazi. Presha ya oili ikishuka chini ya kilo 1 kwa sentimita ya mraba, hata kama injini inanguruma taratibu bila kukanyagwa, zima mara moja. Wakati huohuo tazama geji ya upepo wa breki, na usiliondoe gari kabla haijafika kilo 6.5. Ikishajaa, zima injini na usikilize. Bila kukanyaga breki, upepo usipungue zaidi ya nusu kilo kwa nusu saa. Ukipungua zaidi, tafuta panapovuja kabla ya safari.

Kutafuta uvujaji ndiko kunakowashinda wengi. Niliwahi kubadilisha mpira wa ndani wa tairi la nyuma mara mbili, na bado likashuka, kwa sababu kosa halikuwa kwenye tairi. Upepo huingia gurudumuni kupitia mipira ya kuzuia iliyomo ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), ambako kitu kinachozunguka hukutana na kisichozunguka. Sasa nafanya hivi: naongeza upepo, nafunga koki ya gurudumu hilo, kisha napaka povu la sabuni. Tairi likishuka koki ikiwa imefungwa, kosa ni la tairi au vali yake. Tairi likibaki imara huku mlio ukisikika habuni na povu likitoa mapovu madogo mfululizo, mipira imekwisha, na kuibadilisha kunataka subira na mikono safi, kwani punje moja ya mchanga huikata upya.

Hatua ya tatu ni kuendesha. Barabarani matairi yawe na kilo 3.2. Ukifika kwenye tope au mchanga, simama kabla ya kuzama, weka gia nzito, funga difu ya kati (ile inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na za nyuma), kisha upunguze upepo. Chini ya kilo 0.7 usizidi kilomita 10 kwa saa, na usishuke chini ya 0.5. Ukirudi kwenye ardhi ngumu, fungua difu hiyo mapema, maana ikiachwa imefungwa kwenye lami hula matairi na kuumiza gia boksi ndogo, ile inayopeleka nguvu kwenye ekseli. Breki ni za upepo unaosukuma mafuta, kwa hiyo taa ya onyo ya breki ikiwaka usifikirie upepo peke yake: huenda pedi za breki zimelika na breki zinahitaji kukazwa.

Hatua ya nne ni ya jioni. Acha injini ingurume dakika chache ndipo uizime. Matanki ya upepo yakiwa bado yana joto, vuta vali za chini mpaka maji yote yatoke. Miass maji hayo huganda na kuziba mabomba. Kwenye hali ya hewa yenye unyevu hutia kutu. Kama ulivuka mto, legeza kidogo nati za chini za ekseli, na oili ikitoka nyeupe kama maziwa, imwage yote.

Handbreki hushika nyuma ya gia boksi ndogo wala si magurudumuni, kwa hiyo tia kabari pande zote mbili, kisha ufunge zile koki sita.