Namna ya Kuifanyia Sevisi Mashine ya Kukata Nyasi

Mwongozo huu unahusu mashine ya kusukuma yenye injini ya petroli ya stroki nne. Kwa kawaida oili yake hubadilishwa kila baada ya saa 50 za kazi, ingawa injini mpya humwagwa oili ya kwanza mapema zaidi, mara nyingi baada ya saa 5. Kitabu cha mtengenezaji kikisema tofauti, kifuate.

Hatua ya 1. Washa injini kwa dakika chache petroli ikiwa imebaki kidogo tangini, ili oili ipate moto na kubeba uchafu uliotuama. Izime, kisha chomoa waya wa plagi na uuweke mbali. Wapo wanaoona kuzima swichi kunatosha, lakini anayezungusha kisu kwa mkono huizungusha na injini, nayo ikishika moto haitamsubiri atoe vidole.

Hatua ya 2. Laza mashine upande wa chujio la hewa ukiwa juu, kwani ukiulaza chini oili itaingia kwenye kabureta na kulowesha chujio. Mwaga oili yote, kisha jaza SAE 30 au 10W-30 kidogo kidogo, ukipima kwa kijiti mashine ikiwa imesimama sawa. Oili iliyozidi nayo ni hasara: injini hutoa moshi na kupoteza nguvu.

Hatua ya 3. Fungua chujio la hewa. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu vumbi linalopita hapa huikwangua silinda kama msasa, na injini iliyolika haiponi kwa kubadilishiwa oili. Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, hukaushwa kabisa, hutiwa matone ya oili safi na kukamuliwa hadi libaki na unyevunyevu tu. La karatasi halioshwi wala halitiwi oili. Ligonge taratibu mahali pagumu, na ukiliinua kwenye mwanga usione mwanga ukipenya, nunua jingine.

Hatua ya 4. Kagua plagi. Injini nyingi za aina hii hutaka nafasi ya milimita 0.7 hadi 0.8 kati ya ncha zake mbili zinazotoa cheche.

Hatua ya 5. Kwangua nyasi zilizoganda chini ya bodi, ondoa kisu na ukinoe kwa tupa ukifuata mnoo wa awali. Kitundike kwenye msumari kupitia tundu la katikati: upande unaoshuka ndio mzito, hivyo endelea kuupiga tupa mpaka kitulie mlalo. Kisu kisicho na mizani hutikisa mashine nzima na kuumiza beringi za injini. Kaza bolti yake barabara, ndipo urudishe waya wa plagi.

Ikiwa mashine itakaa zaidi ya siku 30 bila kazi, usiache petroli ndani, kwani huchacha na kuacha utando unaoziba matundu ya kabureta. Mwaga iliyomo tangini, kisha iache injini ingurume hadi izime yenyewe.