Kuifufua Timu ya Kikapu ya Chuo Iliyozorota: Mwongozo kutoka Tanga

Timu ya chuo haizoroti kama timu ya mtaa. Mtaani mchezaji hodari huweza kubaki miaka kumi, lakini katika chuo chenye kozi ya miaka mitatu kikosi kizima huwa kimekwisha kuondoka na vyeti vyake kabla mashabiki hawajazoea hata majina. Kwa hiyo atakayeianza kazi hii kwa kusaka nyota atakuwa anajaza maji kwenye pakacha. Kinachopaswa kujengwa ni mazoea, yaani siku, saa, uwanja na utaratibu wa kurithishana, kwa kuwa hivyo havihitimu. Nayaandika haya baada ya kuilea timu ya chuo kimoja hapa Tanga, ambayo nilipoipokea ilikuwa na mpira mmoja na watazamaji saba, wawili wao wakisubiri bodaboda.

Anza na goli, kabla ya jezi na kabla ya kocha. Hewa ya bahari hapa hula chuma kimyakimya, kwa hiyo tafuta ngazi na tepu, upime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa ringi. Kipimo sahihi ni mita 3.05. Goli letu la upande wa baharini lilikuwa na mita 2.94, kwa sababu nguzo ilikuwa imeinama, na boliti mbili kati ya nne zilikuwa zimeliwa na kutu hata zikamegeka mkononi mwa fundi kama kashata. Vijana walikuwa wakifunga nyumbani bila shida, kisha wakienda ugenini mipira yao ikawa inagonga ukingo wa mbele. Tulilaumu uchovu wa safari, tukalaumu waamuzi, na mmoja wetu akataja hata mkono wa mtu, ilhali ugonjwa ulikuwa sentimita 11. Goli likishanyooka, weka wavu. Wetu ulisukwa na mvuvi wa Sahare kwa uzi wa nyavu zake, na umedumu kuliko ule wa dukani. Wavu si pambo, kwani bila huo mtazamaji aliye upande wa pili hajui kama mpira umeingia au umepita pembeni. Kisha chora mistari upya, na kama ua wa chuo hautoshi uwanja kamili wa mita 28 kwa 15, punguza urefu wa katikati lakini usiuguse mstari wa pointi tatu, ambao ni mita 6.75 kutoka usawa wa katikati ya ringi.

Baada ya hapo chagua siku moja na saa moja, na usizibadilishe. Sisi tulichagua Ijumaa saa kumi na robo, kwa sababu swala ya alasiri huwa imekwisha, jua limepoa, na mchezo wa robo nne za dakika 10, pamoja na mapumziko yake, huchukua kama saa moja na nusu, hivyo watu huwahi magharibi na chuo hakihitaji taa. Wakati wa masika tangaza mapema siku ya akiba, kwa mfano Jumanne, maana shabiki aliyekwenda uwanjani mara mbili akakuta maji tupu na hakuna wa kumwambia neno, mara ya tatu hamtamwona.

Katika kuandikisha wachezaji, usisubiri waliokwisha kucheza kikapu, kwa sababu ni wachache. Mtanzania Hasheem Thabeet alianza mchezo huu akiwa tayari kijana mkubwa, akapitia Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies katika usajili wa NBA, ligi ya kulipwa ya kikapu ya Marekani. Hazina kubwa zaidi, na inayosahaulika, ni mabinti waliocheza netiboli katika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Ringi ya netiboli ina urefu uleule wa mita 3.05, ni nyembamba zaidi, na haina ubao wa kusaidia. Aliyezoea kufunga huko hufika kwenye kikapu akiwa na shabaha iliyokwisha kunolewa na mikono inayodaka kila kitu. Atakachokosa ni kudunda, kwani amefundishwa kusimama anapopokea mpira, hivyo mwezi wa kwanza mpe kudunda tu, kwa mkono wa kushoto hasa, na mpe mpira namba 6, si namba 7 wa wanaume. Kwetu timu ya wanawake ndiyo iliyoanza kushinda, na wanaume wakaona haya, jambo ambalo sikulipanga ila nililifurahia.

Kuhusu mashabiki, wako viongozi wa chuo wanaoamini kwamba watu hufuata ushindi. Waende Mkwakwani, uwanja wa soka wa hapa Tanga. Coastal Union ilichukua ubingwa wa ligi mwaka 1988 na haijauchukua tena, lakini Wagosi wa Kaya, kama timu hiyo inavyoitwa, bado wana watu wao. Hata hivyo watu hao wamelelewa na soka, na kikapu huwachanganya. Mweke mwanafunzi mwenye ulimi mwepesi ashike kipaza sauti, aeleze kwa nini lile lilikuwa pointi tatu na kwa nini timu hairuhusiwi kukaa na mpira zaidi ya sekunde 24 bila kutupa golini. Na matokeo yaandikwe kwa chaki kwenye ubao mkubwa, si kwenye simu ya mtu. Mwuza kahawa akaribishwe bila kutozwa kitu.

Fedha zikipatikana, zinunue mipira kwanza. Jezi zinaweza kungoja.

Mwezi mmoja kabla ya mitihani ya mwisho, kapteni wa mwaka wa tatu amkabidhi mwenzake wa mwaka wa pili ufunguo wa stoo na daftari lenye majina, matokeo na namba za simu za makapteni wa vyuo jirani, mbele ya mlezi na waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi, na mipira ihesabiwe hapohapo.