Kupima ushawishi wa mtafiti wa saratani ya damu

Wanafunzi wa udaktari wakija mezani kwangu, maktabani hapa Kampala, huwaanzishia na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago. Ukiandika "Burkitt" tu kwenye PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, utazama, maana ugonjwa wenyewe, saratani iitwayo limfoma ya Burkitt, umebeba jina lake. Andika "Burkitt D", uchague sehemu ya mwandishi. Kisha tafuta makala yake ya 1958 kuhusu uvimbe wa taya za watoto, uone nani aliifuata: mwaka 1964 Epstein na wenzake walikuta kirusi ndani ya seli za uvimbe huohuo. Huo ndio ushawishi! Fahirisi ya h ya 20, yaani makala 20 zilizonukuliwa angalau mara 20 kila moja, mie siisujudii, inawapendelea wakongwe. Maandishi yake ya baadaye kuhusu nyuzinyuzi za chakula yahesabu kando.