SOMO: Kumchukua mbwa mkubwa kiumri kutoka kituo cha kuokoa wanyama

Mtu akisema anataka mbwa, mara nyingi ana maana ya mtoto wa mbwa. Ndiyo maana vituoni watoto huondoka upesi, na wakubwa wa miaka mitatu, mitano au minane hubaki wakitazama watu wanavyopita. Somo hili nimeliandika kwa ajili ya yeyote aliyewahi kusimama mbele ya banda la mbwa wa namna hiyo akajiuliza, "Huyu nitamweza?"

Mimi nimewachukua watatu kwa nyakati tofauti, wote wakiwa wakubwa. Nilichojifunza kimeingia karibu katika kila hatua hapa chini: mbwa unayemleta nyumbani siku ya kwanza siye mbwa utakayeishi naye. Huyo wa kwanza amejaa hofu. Wa kweli hujitokeza polepole, akiachiwa nafasi.

Hatua ya 1: Jipime wewe kwanza

Nyumba hubaki tupu saa ngapi kwa siku? Nani atamtoa alfajiri, hata siku ya mvua? Waliomo ndani wote wamekubali, au kuna mmoja amenyamaza tu ili kuepuka ugomvi? Huyo aliyenyamaza msikilize sasa, kabla mbwa hajaingia.

Usidhani pia kwamba mbwa wa miaka minne ni mzee. Wengi huishi miaka 10 hadi 13, na wenye umbo dogo huzidi hapo. Faida yake ni kwamba umbo limeshakamilika. Unaona ukubwa wake, nguvu zake, na kama ni wa kukimbia au wa kulala mlangoni. Kwa mtoto wa mbwa mambo hayo yote unabahatisha.

Hatua ya 2: Uliza bila haya

Muulize mhudumu mbwa huyu alifikaje: aliokotwa, au aliletwa na mwenyewe? Kama aliletwa, kwa sababu gani? Ameshawahi kuuma, na ilikuwa katika hali gani? Ameshaishi na watoto, paka au mbwa wengine? Anakula chakula gani? Chanjo zipi amepata, na amehasiwa au kufungwa kizazi?

Kuhusu umri, jua kwamba ni makadirio. Meno 42 ya ukubwani huwa yamekamilika mbwa akiwa na miezi kama saba, na kuanzia hapo umri hukisiwa kwa kulika kwa meno na ugaga. Mbwa aliyezoea kutafuna mawe ataonekana mzee kuliko alivyo.

Hatua ya 3: Mwone akiwa nje ya banda

Hapa nawaomba msiharakishe. Bandani kuna kelele mchana kutwa, harufu za wageni, na mlango usiofunguliwa anapotaka yeye. Mbwa anayebweka na kurukia nondo anaweza kuwa mtulivu kabisa akitolewa. Na yule aliyejikunyata pembeni, ambaye watu humwita mpole, huenda hofu ndiyo imemgandisha.

Omba mtolewe pamoja mkakae mahali pa kimya. Kaa chini ukimpa ubavu, usimwinamie, usimkodolee macho. Mwache yeye ndiye akufuate. Akija kunusa, mkune kifuani au ubavuni kwa sekunde tatu, kisha ondoa mkono. Akisogea tena, amekuomba uendelee. Akibaki alipo au akigeuza uso, amekujibu pia.

Jifunze kumsoma mwili mzima. Mkia unaotikisika si furaha kila wakati: ukiwa umesimama juu, mgumu, na unatikisika kwa haraka na kwa ufupi, mbwa huyo yuko kwenye mvutano. Kufyata mkia kila mtu anakujua. Ishara ndogo ndizo hutupita: kupiga miayo ilhali hana usingizi, kulamba pua mara kwa mara, kutazama kwa pembe ya jicho hadi weupe ukaonekana, kukakamaa ghafla.

Rudi siku nyingine umwone tena, safari hii na watu wote wa nyumbani.

Hatua ya 4: Tayarisha nyumba

Kola yenye kibao cha namba ya simu, kamba imara, bakuli mbili, na kitanda kwenye kona isiyopitwa na watu. Kagua uzio na ziba mianya, kwa kuwa katika siku za mwanzo mbwa bado hajui kwamba hapa ndipo kwake, na akishtuka atakimbia. Chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu maji, vitunguu saumu na mifupa iliyopikwa viwe mbali naye. Peremende na ubani wa kutafuna (chingamu) usio na sukari pia: mara nyingi vina zailitoli, kitu kitamu kinachotiwa badala ya sukari, na kiasi kidogo tu hushusha sukari ya damu ya mbwa hadi akaanguka.

Hatua ya 5: Siku tatu za kwanza

Nitaeleza nilivyokosea, maana kosa hili naliona likirudiwa kila mara.

Popi alikuwa jike wa kahawia, wa miaka kama minne. Siku niliyomleta, ndugu na majirani walijaa sebuleni kumwona, na mimi ndiye niliyewaita. Watoto walimkumbatia shingoni. Alipiga miayo, nikasema amechoka na safari. Akalamba pua, akageuza uso, kisha akaingia chini ya kitanda. Nikainama nikamvuta kwa kola ili wageni wamwone. Akaninguruma, nikaendelea kuvuta, akaniuma mkononi. Ilinichukua karibu miezi miwili kabla hajakubali mkono wangu usogee tena shingoni mwake. Alikuwa ameniambia kwa kila njia aliyokuwa nayo.

Kwa hiyo: hakuna wageni. Mfikishe nyumbani, mtembeze kwa kamba mahali utakapotaka ajisaidie, kisha mwingize ndani na kumwonyesha maji na kona yake. Halafu endelea na shughuli zako. Pita karibu, dondosha kipande cha chakula, usisimame kusubiri shukrani. Akilala mchana kutwa, mwache, kwani kituoni huenda hakupata usingizi wa kutosha kwa muda mrefu. Asipokula siku ya kwanza, usihangaike sana. Akipitisha siku mbili bila kula, au akikataa maji, mpeleke kwa daktari.

Kuosha, kukata kucha na kumpeleka kwenye umati wa watu vyote visubiri. Nje atoke na kamba tu, hata kama anaonekana kakuzoea.

Hatua ya 6: Daktari wa mifugo

Nenda katika wiki ya kwanza ukiwa na karatasi zote za kituoni. Hakikisha chanjo za kichaa cha mbwa, na za distempa na parvo, magonjwa mawili ya virusi yanayoua mbwa. Uliza dawa ya minyoo, kupe na viroboto. Kama mlipo kuna mbu, uliza pia kuhusu minyoo ya moyo. Mbu ndiye huieneza, na vipimo huweza kuchukua kama miezi sita baada ya maambukizi kabla ya kuionyesha. Kipimo safi leo kinahitaji kurudiwa. Kama mbwa ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi, badilisha taarifa za mwenyewe. Wengi husahau, na akipotea simu huenda kituoni au kwa mwenyewe wa zamani.

Chakula ubadilishe kwa siku 7 hadi 10. Anza na robo ya kipya na robo tatu ya kile alichozoea, ongeza kidogo kidogo.

Hatua ya 7: Wiki tatu, kisha miezi mitatu

Walea mbwa wengi hutumia kipimo hiki: siku tatu za kutulia, wiki tatu za kuzoea ratiba, miezi mitatu ya kujiona yuko kwake. Ni mwongozo tu, wengine huchukua mwaka. Nauheshimu kwa sababu unakutayarisha kwa jambo moja: kwenye wiki ya tatu hivi, mbwa aliyekuwa kimya huanza kubweka, kuvuta kamba, kuiba soksi. Watu husema "ameharibika" na kumrudisha. Hajaharibika. Hofu imepungua, sasa unamwona yeye. Hapo ndipo mafunzo yanapoanza hasa: vipindi vya dakika tano, zawadi ndogo za chakula, saa zilezile kila siku.

Mzoeze pia kubaki peke yake tangu mapema. Toka mlangoni kwa nusu dakika, rudi bila shamrashamra. Kesho dakika mbili. Usiruke kutoka dakika tano hadi saa nane za kazini.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, dume wangu ana wiki mbili nyumbani. Jana nilimsogelea akiwa anakula akanguruma. Baba anasema nimchape ili ajue nani mkubwa. Nifanyeje?

Jibu: Usimchape, na mweleze mzee kwa heshima sababu yake. Kunguruma ni onyo. Mbwa aliyechapwa kwa kunguruma huacha kuonya, siku nyingine anauma moja kwa moja. Kwa sasa mlishe mahali ambapo hapiti mtu. Kisha pita kwa mbali, umrushie kitu kitamu kuliko kilichomo bakulini, uendelee na safari yako. Siku zikipita sogea hatua moja. Lengo ni akuone unakuja akafurahi kwamba kinaongezeka. Usimnyang'anye bakuli kumjaribu. Kama kuna watoto, au anang'ata kabisa, tafuta mkufunzi asiyetumia kipigo akamwone hapo hapo nyumbani.

Swali: Ana miaka sita lakini anakojoa ndani. Mbona mtu mzima hivi?

Jibu: Dada, ukubwa haumfundishi mbwa nyumba yako ina mlango gani. Huenda miaka yote alijisaidia palepale bandani. Mtoe akiamka, akimaliza kula, kabla ya kulala, na kila baada ya saa mbili au tatu katikati. Msifu palepale anapomaliza. Ndani safisha kwa sabuni yenye vimeng'enya (enzaimu) vinavyovunja mkojo, maana harufu ikibaki humwita tena. Akikojoa kidogo kidogo mara nyingi, au ukiona damu, hilo ni la daktari.

Swali: Nina mbwa mwingine. Niwaweke pamoja tu wajuane wenyewe?

Jibu: Hapana. Wakutane nje, mahali pasipo pa yeyote kati yao, kila mmoja na mtu wake. Tembeeni sambamba mkiwa mbali, mkikaribiana kidogo kidogo, kamba zikiwa zimelegea. Ndani, bakuli na vitanda viwe mbalimbali kwa wiki kadhaa.

Swali: Aliniuma kidogo tu, ngozi imechubuka. Kituo kinasema ana chanjo. Bado niende hospitali?

Jibu: Nenda leo. Kwanza osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, ndivyo nilivyofanya mimi kabla ya kwenda. Chukua karatasi ya chanjo umwonyeshe mganga, yeye ndiye aamue. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza karibu hakuna anayepona, kwa hiyo jambo hili halikisiwi nyumbani.

Swali: Leo ni siku ya kumi na moja. Bado yuko nyuma ya kochi. Anakula usiku tukilala. Nalia, nahisi hanipendi. Nimrudishe?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Nasikia uchovu wako. Lakini anakula, na anakula nyumbani mwako, hiyo ni hatua. Leo usiku sogeza bakuli hatua moja mbali na kochi, kesho nyingine. Jioni kaa sakafuni ukimpa mgongo, soma kitu kwa sauti ya chini kwa dakika ishirini, usimtazame. Kamba usimfunge, na asivutwe na mtu. Kama kumtoa kujisaidia ni vita, niambie hilo hasa, lina njia yake. Niandikie tena Jumapili uniambie bakuli limefika wapi.