Kumrudishia afya kobe-sanduku aliyetelekezwa

Kobe-sanduku, yule wa Marekani ya Kaskazini mwenye bawaba kwenye gamba la tumbo, huteseka kimya kimya. Wengi ninaowapokea wamedhoofika kwa miaka, na kila mwenye huruma hukimbilia kuwalisha. Mimi huanza na maji.

Hatua ya 1: Mkague. Mpime kwa mizani ya jikoni, uandike gramu zake. Macho yaliyovimba, uvimbe penye sikio, mapovu puani, kuhema mdomo wazi, gamba linalobonyea: ukiona hata dalili moja, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia. Macho na masikio huvimba mara nyingi kwa kukosa vitamini A, lakini usimpe dozi ya kukisia. Ikizidi, ngozi humchubuka. Mdomo uliorefuka nao mwachie daktari aukate.

Hatua ya 2: Mloweke. Maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu, dakika 15 hadi 20 kila siku. Atakunywa, na huenda akajisaidia humo humo, basi yabadilishe.

Hatua ya 3: Mtengenezee makazi. Hapa ndipo wengi hukosea. Tangi la kioo humchosha, maana hukwaruza ukuta asiouona siku nzima. Tumia boksi pana lenye kuta zisizopenyeza macho. Weka udongo usio na mbolea, wenye unyevu, kina cha sentimita 10 au zaidi, na majani makavu juu yake ajifukie. Upande mmoja uwe na joto la nyuzi 29 hadi 31, mwingine kama 22, achague mwenyewe. Taa ya UVB, yaani yenye mionzi ya urujuanimno kama ya jua, ni lazima kwa anayekaa ndani, kwa sababu jua la dirishani halifai: kioo huzuia mionzi hiyo, na bila hiyo mwili hautumii kalsiamu ipasavyo.

Hatua ya 4: Mlishe. Nyungunyungu anayejinyonganyonga humwamsha hata aliyekata tamaa. Kisha konokono wa kufugwa, uyoga wa kuliwa, beri na majani mabichi, vikinyunyiziwa unga wa kalsiamu.

Nawa mikono kila umshikapo, kwani anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu. Mpime kila wiki. Akipona, usimwachilie porini, asije akaambukiza wenzake. Mimi hufurahi zaidi asubuhi ninapomkosa machoni, kisha nikafunua majani na kumkuta amejichimbia shimo lake mwenyewe.