Nyumba ya Kupanga Nchini Kenya: Hatua za Kisheria kwa Mwenye Nyumba na Mpangaji

Kenya haina sheria moja inayosimamia nyumba zote za kupanga, na kwa hiyo pande zote mbili zinapaswa kwanza kujua zimesimama wapi. Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Sura ya 296, inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na migogoro yake huamuliwa na baraza maalumu lililoundwa na sheria hiyo. Kiwango hicho ni cha zamani mno, nacho kimeziacha nje nyumba nyingi za mijini. Nyumba inayokizidi huongozwa na mkataba wenyewe pamoja na Sheria ya Ardhi ya 2012, na kesi yake husikizwa na mahakama ya hakimu au Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Sura ya 301, ambayo hutajwa sana watu wanapogombana, ni ya maduka, hoteli na mikahawa. Mwenye lalamiko la nyumba ya kuishi asipoteze nauli na siku zake kulipeleka kwenye baraza la sheria hiyo.

Sheria ya Ardhi inautambua hata mkataba wa mdomo, mradi upangaji hauzidi miaka miwili na haukutoa haki ya kuurefusha. Hata hivyo, ninasisitiza kwamba mkataba uandikwe, kwa sababu maneno yaliyosemwa mlangoni husahaulika, na kila mmoja huyakumbuka kwa namna inayomfaa. Uonyeshe majina kamili na nambari za vitambulisho, kiasi cha kodi na tarehe ya kuilipa, dipoziti na masharti ya kuirudisha, nani analipia maji, taka na stima ya ngazi, na muda wa notisi kwa kila upande. Mkataba wa maandishi unatakiwa kulipiwa ushuru wa stempu, ambao kwa upangaji usiozidi miaka mitatu ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Usipolipiwa, mahakama inaweza kukataa kuupokea kama ushahidi hadi ulipiwe pamoja na faini.

Siku ya kuingia ndiyo siku ambayo ningependa mpangaji na mwenye nyumba waipe muda mwingi kuliko siku nyingine yoyote. Kabla ya godoro kupandishwa ngazi, wapite pamoja chumba hadi chumba, wakiwa na karatasi moja. Wafungue kila bomba na kuangalia kama maji yanavuja chini ya sinki, wavute maji ya choo, wawashe kila taa, wajaribu kila ufunguo katika kitasa chake, na wasome nambari zilizo kwenye mita ya maji na ya stima. Kigae kilichopasuka nyuma ya mlango wa bafu kiandikwe hivyo hivyo, "kigae kimoja, nyuma ya mlango, kimepasuka", na kipigwe picha, kwa maana ndicho kigae ambacho baada ya miaka miwili kitakatwa kwenye dipoziti ya mtu ambaye hakukivunja. Wote wawili watie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala. Kazi hii haichukui hata saa moja, nayo humlinda mwenye nyumba sawasawa na mpangaji, kwani mpangaji aliyeng'oa rafu naye hataweza kudai kwamba aliikuta haipo.

Kodi ilipwe kwa njia inayoacha alama, na ujumbe wa M-Pesa usifutwe. Anayelipa taslimu kwa mtunza jengo adai risiti papo hapo. Mwenye nyumba naye, ikiwa mapato yake ya kodi ni kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, anapaswa kuilipa serikali ushuru wa asilimia 7.5 ya mapato hayo kila mwezi, kiwango kilichoanza Januari 2024.

Kuhusu matengenezo, mkataba usiposema vingine, mwenye jengo lililogawanywa kwa wapangaji kadhaa ndiye anayetunza paa, kuta kuu, mabomba makuu ya maji machafu na sehemu zinazotumiwa na wote, na nyumba inapaswa kufaa kuishi binadamu tangu siku ya kwanza. Mpangaji aandike ombi lake la matengenezo akitaja tarehe na kuambatisha picha. Asizuie kodi kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani atakuwa amempa mwenye nyumba sababu ya kumshtaki.

Jambo linaloniuma zaidi ni kufuli. Mama anarudi jioni na watoto wenye sare za shule, anakuta mlango umefungwa kwa kufuli jipya, au mabati ya paa yameezuliwa, wakati chakula na dawa zao zimo ndani. Deni la kodi, hata likiwa kweli na kubwa, halimpi mwenye nyumba ruhusa ya kumtoa mtu kwa mikono yake wala kumkatia maji na stima ili ahame. Njia yake halali ni notisi ya maandishi, kisha amri ya mahakama au ya baraza. Na akitaka kukamata mali ili kufidia kodi, atumie dalali wa mnada mwenye leseni, na kwa nyumba zilizo chini ya Sura ya 296 apate kwanza idhini ya baraza. Mpangaji aliyefungiwa apige picha ya mlango, atafute majirani walioshuhudia, aandikishe taarifa kituo cha polisi na kuchukua nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kisha aende mahakamani kuomba amri ya dharura ya kurudishwa.

Anayetaka kuhama atoe notisi kwa maandishi. Mkataba usipotaja muda, Sheria ya Ardhi inataka notisi isiyopungua kipindi cha kulipia kodi, yaani mwezi mmoja kwa anayelipa kila mwezi. Siku ya kutoka, karatasi ya siku ya kuingia itolewe, nyumba ikaguliwe upya, na mwenye nyumba atie sahihi kwamba amepokea funguo. Makato yoyote yaonyeshwe kwa risiti za fundi, na uchakavu wa kawaida, kama rangi iliyofifia ukutani, usihesabiwe kuwa uharibifu.

Dipoziti isiporudishwa, mpangaji atume barua ya madai yenye tarehe ya mwisho ya kulipwa. Muda huo ukipita, anaweza kufungua madai ya fedha katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, hailazimishi kuwa na wakili, na inatakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60. Abebe mkataba, ujumbe wa malipo, karatasi mbili za ukaguzi, notisi aliyotoa, na nakala ya ile barua ya madai.