Jinsi ya Kusoma Takwimu za Ichiro Suzuki, Mchezaji wa Besiboli Aliyestaafu

Unapofungua takwimu za mchezaji wa besiboli aliyestaafu, usianze na jumla iliyo chini ya jedwali, kwa kuwa jumla huchanganya miaka ya ubora na miaka ya uchovu. Tumchukue Ichiro Suzuki, aliyecheza Japani tangu 1992 hadi 2000, akajiunga na Seattle Mariners, timu ya ligi kuu ya Marekani, mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 27, na kustaafu jijini Tokyo mwezi Machi 2019.

Tafuta kwanza idadi ya mapigo salama, yaani yale yanayomfikisha mpigaji kituoni (kimoja cha vituo vinne anavyovizunguka ili kupata alama) bila kosa la walinzi, kisha uigawanye kwa zamu rasmi za kupiga. Katika ligi kuu ya Marekani Ichiro alipata mapigo 3,089 kwa zamu 9,934, hivyo wastani wake ni 0.311. Aliyezoea kriketi asichanganye hesabu hizi, maana wastani wa kriketi hugawanya mikimbio kwa idadi ya mara ambazo mpigaji alitolewa.

Sasa likate jedwali vipande viwili. Kuanzia 2001 hadi 2010 utapata mapigo 2,244 kwa zamu 6,779, sawa na 0.331, na hakuna msimu hata mmoja kati ya hiyo 10 uliokosa kufikia mapigo 200. Kuanzia 2011 hadi mwisho yanabaki mapigo 845 kwa zamu 3,155, sawa na 0.268. Anayetazama 0.311 peke yake hamwoni yule mpigaji wa miaka 10 ya mwanzo, na kwangu mimi huko ni kumdhulumu.

Ukikuta rekodi, uliza msimu ulikuwa na michezo mingapi. Mwaka 2004 Ichiro alipata mapigo 262 na kuivunja rekodi ya msimu mmoja ya George Sisler ya mapigo 257, iliyodumu tangu 1920. Hata hivyo, msimu wa Sisler ulikuwa wa michezo 154, ilhali wa Ichiro ulikuwa wa michezo 162, na wastani wa Sisler mwaka ule ulikuwa 0.407 dhidi ya 0.372 wa Ichiro. Rekodi ni ya Ichiro kwa haki, lakini msomaji makini huziweka namba zote mbili mbele yake.

Vivyo hivyo kwa mapigo yake 1,278 ya Japani. Ukiyajumlisha na yale ya Marekani unapata 4,367, ambayo yanazidi 4,256 ya Pete Rose, mwenye rekodi ya mapigo ya ligi kuu ya Marekani. Nashauri uyaandike sambamba bila kuyajumlisha, kwa sababu ligi hizo ni mbili tofauti, ila usiyafute kamwe, kwani aliyapata akiwa kijana dhidi ya warushaji hodari.

Angalia pia kiwango cha kufika kituoni, ambacho huhesabu na vituo vya bure, yaani pale mpigaji anapopewa kituo cha kwanza baada ya kuachia mirusho minne mibovu ipite. Cha Ichiro ni 0.355, si cha juu sana, kwa kuwa alipenda kuupiga mpira kuliko kuusubiri upite.

Mwishowe ondoka kwenye jedwali, utazame picha za video za ulinzi wake. Mwezi Aprili 2001, mjini Oakland, alirusha mpira kutoka uwanja wa kulia moja kwa moja hadi kituo cha tatu, na Terrence Long, mchezaji wa timu pinzani aliyekuwa akikimbilia huko, akaukuta ukimsubiri.